Lilikuwaje Hilo? Hadithi ndani ya Hadithi katika Panchatantra, Unguja na Kasaji

Katika mihadhara ya fasihi simulizi ya Kiswahili, ngano za wanyama aghalabu hufundishwa kwa njia moja: kisa husimuliwa, wahusika hutajwa, kisha mafunzo huorodheshwa. Asili ya Kihindi ya baadhi ya ngano hizo hugusiwa kwa sentensi moja au mbili, kama vile mtu amtajavyo babu wa mbali wa mgeni wake, na mjadala hugeukia mambo mengine. Makala haya yanashughulikia kile kinachoachwa katika utaratibu huo, yaani mbinu. Hoja yake ni kwamba mbinu kuu ya Panchatantra, ile ya kumfanya mhusika asimulie kisa kwa sababu ya haja inayomkabili papo hapo, ilifika Unguja ikiwa hai, na kwamba imekuwa ikikatwa na wale wanaoipenda ngano kwa ajili ya funzo lake tu. Aidha, inadaiwa hapa kwamba msomaji wa Kiswahili aliyeko Kasaji ana kipimo cha kuipimia mbinu hiyo ambacho msomaji wa pwani hana.

Kasaji ni mji mdogo katika Eneo la Dilolo, mkoa wa Lualaba, kwenye reli itokayo Tenke kupitia Kolwezi hadi mpaka wa Angola, ambayo ilikamilika mwaka 1931. Lugha za nyumbani huko ni Kilunda, Kichokwe na Kiluvale. Misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19 ilikwisha kukifikisha Kiswahili katika nchi ya Katanga, lakini kilichokipa mizizi ni ajira ya migodi na reli. Kifaransa ni lugha ya shule. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko anapofungua kitabu cha fasihi simulizi ya Kiswahili hukutana na fasihi ya mahali pengine. Papa, jahazi na mji wa sultani si vitu vya mazingira yake, na hata sungura yeye humjua kwa jina la kalulu. Ni rahisi basi kumwambia mwanafunzi huyo aache maneno ya bahari achukue funzo. Ushauri huo ndio unaopingwa hapa.

Inafaa kuanza na matini ya Kisanskriti yenyewe. Utangulizi wa Panchatantra unasimulia habari za mfalme Amarashakti, aliyekuwa na wana watatu wazito wa kufunzika. Brahmana mzee aitwaye Vishnusharman akaahidi kuwafundisha maarifa ya utawala kwa muda wa miezi 6 tu. Vitabu 5 vinavyofuata ndiyo masomo aliyowapa. Kitabu hicho kilikuwapo kabla ya kati ya karne ya 6, kwani wakati huo kilitafsiriwa Uajemi. Na miongoni mwa nakala zake za Kisanskriti, iliyoenea sana ni ile iliyoandikwa upya na mtawa wa Kijaini, Purnabhadra, mwaka 1199.

Visa vya Panchatantra havikutungwa kama shanga katika uzi mmoja. Vimewekwa kama vyungu, kimoja ndani ya kingine. Kila kitabu kina kisa kimoja kikubwa ambacho hubeba visa vingine. Wahusika wa kisa hicho wanapofika penye shauri gumu, mmoja wao hutamka ubeti wa hekima, na mwishoni mwa ubeti hudokeza kwamba jambo kama hilo lilimpata mnyama fulani aliyefanya hivi au vile. Msikilizaji wake hujibu kwa maneno mawili ya Kisanskriti yenye maana ya "lilikuwaje hilo?", na hapo kisa kipya huanza. Ndani ya kisa hicho nako huweza kutokea mhusika mwingine mwenye shauri gumu, akadokeza, akaulizwa, akasimulia.

Ikumbukwe kuwa katika utaratibu huu funzo hutangulia. Msikilizaji hulisikia kwanza, likiwa katika ubeti, wala hangojei kisa kimalizike ndipo alipate. Anachokingojea ni namna jambo lilivyotokea, na udadisi wake ndio unaokiendesha kisa. Ngano iliyopangwa hivyo haiwezi kufupishwa kuwa funzo lake, maana funzo lilikwisha kutolewa bure mlangoni.

Jambo zito zaidi ni kwamba kila msimuliaji ndani ya Panchatantra ana maslahi. Katika kitabu cha kwanza mbweha wawili, Karataka na Damanaka, wanaishi pembeni mwa baraza ya simba Pingalaka. Simba amefanya urafiki na fahali Sanjivaka, na urafiki huo umewanyima mbweha nafasi. Damanaka anaanza kazi ya fitina: anakwenda kwa simba, anakwenda kwa fahali, na kila aendako anabeba visa. Visa hivyo ni vizuri, na mafunzo yake mengi ni ya kweli kabisa. Hata hivyo vinasimuliwa ili rafiki amuue rafiki, na mwishoni simba anamwua fahali. Karataka naye anasimulia visa vya kumwonya mwenzake, vizuri vilevile, lakini havizuii chochote. Mwanafunzi atakayekaa na kuorodhesha mafunzo ya kitabu hicho ataziweka silaha za mfitini katika safu moja na nasaha za mwonyaji, bila kujua kuwa amefanya hivyo. Panchatantra inamtaka aulize ni nani anayesema, anamwambia nani, na anataka nini.

Ukali wa kitabu hicho ulimshinda hata mtafsiri wake mkubwa. Katika Kisanskriti Damanaka haadhibiwi. Anabaki waziri wa simba. Ibn al-Muqaffa, aliyekitia kitabu katika Kiarabu katika karne ya 8 kutoka katika tafsiri ya Kipahlavi ya tabibu Burzoy, iliyofanywa zama za Khusrau Anushirwani (531–579), alikiita Kalila wa Dimna, majina yatokanayo na Karataka na Damanaka. Akaongeza sura nzima ambamo Dimna anashtakiwa, anahojiwa na kuadhibiwa. Sura hiyo inasomeka vizuri, na hotuba za mshtakiwa ni za ustadi mkubwa. Ila imemwondolea msomaji kazi ya kuhukumu mwenyewe, na kwa mantiki hiyo ni hatua ya kwanza katika njia iliyokuja kuishia katika maswali ya mtihani yanayosema "taja mafunzo matano".

Tawi linaloihusu pwani moja kwa moja ni kitabu cha nne, kisa cha nyani na mamba. Unguja kisa hicho ni cha kima na papa, na kilichapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili wa Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874. Kwa ufupi, kima anakaa katika mkuyu ulioinamia bahari na kila siku humtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamfunulia kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa moyo ameuacha mtini, kama ilivyo desturi ya kima wote wanaposafiri. Papa anamrudisha, kima anapanda juu, na urafiki umekwisha.

Pwani ilikuwa na milango miwili ya kuingilia ngano za Kihindi: vitabu vya Kiarabu, na vinywa vya wafanyabiashara na mabaharia wa Kigujarati na Kikachi waliokaa Unguja na Mombasa kwa vizazi. Je, kisa hiki kilipita mlango upi? Dalili za ndani zinaelekea upande wa Kiarabu. Mti wa nyani katika nakala ya Purnabhadra ni jambu, jamaa ya mzambarau. Katika Kalila wa Dimna matunda yanayodondoka majini ni tini. Na mkuyu wa Unguja ni wa ukoo mmoja na mtini. Mtambaji wa Unguja alikuwa na mizambarau tele machoni pake. Kama angekuwa anafuata nakala ya Purnabhadra, mti ungekuwa pale pale uani. Vilevile katika Purnabhadra nyani aliyekwisha kuokoka hufululiza visa vingi, kikiwamo cha mfalme wa vyura aliyemkaribisha nyoka kisimani. Katika Kiarabu kisa cha ndani ni kimoja tu, na Unguja ni kimoja tu, nacho ni kile kile: kisa cha punda wa dobi.

Lakini mtambaji huyo hakuwa mnakili. Katika Kisanskriti anayeutaka moyo wa nyani ni mke wa mamba, kwa wivu na uroho. Anafikiri kwamba mla matunda matamu kiasi hicho lazima awe na moyo mtamu. Katika Kiarabu mamba amekuwa kobe, na mke wake anajifanya mgonjwa. Unguja mke ameondoka kabisa na mahali pake pamekaliwa na sultani. Ugomvi wa nyumbani umegeuka amri ya dola. Papa si mume aliyeelemewa tena. Ni mtumishi anayemsaliti rafiki kwa sababu mkubwa wake anaumwa. Mabadiliko hayo yalifanywa katika mji wenye sultani wa kweli, na haihitaji kukisia sana kuona wasikilizaji walisikia nini.

Kisa cha ndani kinakuja baada ya kima kuokoka. Papa yuko chini ya mti anaita, kima amenyamaza. Papa anaita tena. Hatimaye kima anauliza kama yeye anafanywa punda wa dobi. Na papa, aliyetoka kushindwa, anauliza huyo punda wa dobi ni yupi, na habari zake zilikuwaje. Hapo ndipo pa kutazama. Swali la wahusika wa Vishnusharman, lile la maneno mawili, limevuka Kipahlavi, Kiarabu na bahari, limepoteza ubeti wake na brahmana wake na wana wa mfalme, na bado linaulizwa mahali lilipopaswa kuulizwa, na mtu aliyepaswa kuliuliza. Dokezo la fumbo limetangulia, swali limefuata, kisa kimefunguka. Wahakiki wanaosema kwamba ngano za pwani zilichukua visa vya Wahindi na kuuacha muundo wao hawakuisoma matini hii hadi mwisho.

Kisa chenyewe kinamhusu punda aliyemtoroka dobi akanenepa porini. Simba ni dhaifu kwa maradhi na hawezi kuwinda. Katika Kisanskriti na Kiarabu mjumbe wake ni mbweha. Unguja ni sungura, mjanja anayejulikana kote kutoka pwani hadi mto Lualaba na kuupita. Sungura anakwenda kumposa punda kwa niaba ya simba. Punda anakubali, anafika, simba anamrukia, punda anampiga mateke na kukimbia. Siku nyingine sungura anakwenda tena kumwita, na punda anakuja tena. Safari hii anauawa. Simba anataka moyo na masikio tu. Sungura anavila yeye. Anapoulizwa, anajibu kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Katika Kiarabu simba anahitaji moyo na masikio kwa sababu ndiyo dawa ya ugonjwa wake. Mtambaji wa Unguja ameiondoa dawa katika kisa cha ndani na kuibakiza katika kisa cha nje peke yake. Huenda mtu akaona hapo upungufu wa kumbukumbu. Kwa kweli hasara si kubwa, kwa kuwa kilichobaki kinatosha kuviunganisha visa viwili kwa namna ya kupendeza: pande zote mbili kuna moyo usioonekana. Kima anadai kwamba moyo wake haupo, na kwa dai hilo anaulinda. Punda alikuwa na moyo wake kifuani, nao ukaliwa, kisha ikasemwa kwamba hakuwa nao. Uongo wa aina moja umemwokoa mmoja na kumdhihaki mwingine baada ya kufa. Tena mwongo wa kisa cha ndani ni sungura, mwenye njaa, si mwenye hekima. Kauli yake juu ya punda ndiyo "funzo" linalonukuliwa, nayo inatoka katika kinywa kilichojaa nyama ya wizi. Kima anaitumia kauli hiyo kwa haja yake, na haja yake si kumfundisha papa. Kilichomwokoa ni ule uongo wa moyo mtini. Kisa cha punda ni kukataa kwake kushuka.

Lugha nayo imefanya kazi yake. Katika Kisanskriti na Kiarabu moyo ni makao ya akili, hivyo punda asiye na moyo ni punda mjinga, na dhihaka inaeleweka mara moja. Katika Kiswahili mtu asiye na moyo kwa kawaida ni mwoga, au mkata tamaa, au mchoyo. Ujinga hukaa penye akili. Kwa sababu hiyo uzito umehamia masikioni. Msikilizaji wa Kiswahili anayajua masikio ya namna hiyo: sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo haimo katika kisa, lakini haiwezekani kukisikiliza kisa kwa Kiswahili bila kuisikia, hasa pale ambapo nje yake kuna sultani anayengoja dawa.

Haya yote hutoweka ngano inapokatwa. Na ngano hii hukatwa mara nyingi. Katika masimulizi ya darasani na katika vitabu vya watoto kima hupanda mti, humcheka papa au mamba, na kisa huishia hapo, pamoja na onyo la kuchagua marafiki. Sababu ya kuikata si ngumu kufahamika: kisa cha punda kinaonekana kuwa ni nyongeza, kimejaa ulaghai na mauaji, na funzo lake halilingani na lile la kwanza. Lakini ngano iliyokatwa namna hiyo inasema jambo ambalo mtoto wa miaka 7 alikwisha kulijua. Ngano nzima inamwonyesha jinsi mtu anavyojibu aitwapo mara ya pili na yule yule aliyetaka kumwua.

Hapa ndipo Kasaji inapohitajika. Wachokwe wamekaa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola. Mpaka wenyewe katika nchi ya Lunda ulipangwa kwa mkataba wa mwaka 1891 kati ya Ureno na Dola Huru ya Kongo, na mwaka 1927 Ubelgiji ilitoa kipande cha Dilolo chenye takriban kilomita za mraba 3,500 kwa Wareno ili ipate kilomita za mraba 3 tu karibu na Matadi. Watu wakabadilishiwa dola bila kuondoka majumbani mwao. Kwa hiyo kilichoandikwa juu ya usimulizi wa Wachokwe upande wa Angola kinamhusu msomaji wa Kasaji kwa karibu, japo majina ya nchi yanatofautiana.

Usimulizi huo una mbinu iitwayo sona, umoja wake lusona. Mtambaji husawazisha mchanga, hutia vitone kwa ncha za vidole kwa umbali ulio sawa, kisha huchora mstari mmoja unaozunguka vitone hivyo huku akisimulia. Mstari hautakiwi kusita. Mkono ukisimama, watazamaji hujua kwamba mchoraji hana hakika ya alijualo, na hutabasamu. Mafundi wake huitwa akwa kuta sona, na sehemu ya elimu hiyo ilipokewa na vijana katika jando, mukanda. Mário Fontinha alichapisha mkusanyiko mkubwa wa michoro ya kaskazini-mashariki mwa Angola mwaka 1983. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alichunguza kanuni zake kwa miaka mingi. Na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza sona ya Angola katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Mmojawapo wa michoro hiyo unabeba ngano ya wanyama. Sambalu, sungura, amegundua mgodi wa chumvi. Mara wanatokea simba, chui na fisi wakiudai mgodi kwa hoja ya nguvu. Sungura anashikilia haki ya mnyonge, na haraka anajenga ua wa kuutenga mgodi na wanyang'anyi. Kisa ni hicho tu. Mtu anayeisoma ngano hii kwa maandishi peke yake ataiona nyembamba, pengine isiyokamilika, kwa kuwa hakuna hila wala mateke wala kicheko cha mwisho. Lakini mchoro unapotazamwa, vitone vinne vya wanyama na kimoja cha mgodi vimewekwa ndani na nje ya mikunjo ya mstari. Kutoka penye simba, chui au fisi hakuna njia ya kufika penye chumvi bila kuukata mstari. Kutoka penye sungura njia ipo. Ua uliotajwa katika kisa ndio mstari uliokuwa ukichorwa kisa kikisimuliwa. Mtazamaji haombwi kuamini kuwa mnyonge ana haki. Anaweza kuweka kidole chake mchangani akajaribu.

Hapa kuna ufanano na Panchatantra, na hapana budi kuueleza kwa uangalifu. Haidaiwi kwamba sona ilitoka Uhindi, wala kwamba Sambalu ni mjukuu wa mbweha wa Vishnusharman. Theodor Benfey, aliyeitafsiri Panchatantra kwa Kijerumani mwaka 1859, aliwazoesha wataalamu kuutafuta mzizi wa kila hadithi ya dunia Uhindi, ingawa yeye mwenyewe, na jambo hili husahaulika, aliziona nyingi za hurafa za wanyama kuwa ni za Wayunani. Mazoea ya kutafuta mizizi yamewafanya wahakiki wasione ufanano usio wa nasaba. Katika Panchatantra kisa kinathibitishwa na haja ya msimuliaji na swali la msikilizaji. Katika sona kisa kinathibitishwa na mstari na kidole cha mtazamaji. Pande zote mbili ngano haielei hewani. Kuna kitu kilicho nje ya maneno yake kinachoibana. Tofauti nayo ni ya kweli. Swali la "lilikuwaje hilo?" laweza kujibiwa kwa uongo, kama afanyavyo Damanaka. Mstari uliokosewa hujulikana papo hapo. Kwa upande huo sona ni kali zaidi, na Panchatantra, yenye kujua kwamba watu hudanganyana, ni pana zaidi.

Ngano ya Sambalu haikosi wasikilizaji wapya. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya makazi ya watu katika kata ya Kasulo mjini Kolwezi, na wakazi wakaanza kuchimba uani na hata ndani ya nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya kata hiyo ilitengwa, wakazi wakahamishwa, ikazungushiwa ukuta na kukabidhiwa kampuni. Ukuta upo, kama ulivyo ua wa ngano. Ila mwenye kuchora atapata taabu kuamua kitone cha Sambalu akiweke upande gani.

Mfano mwingine wa ukanda huo huo wa shaba unaonyesha kwamba mbinu ya dokezo na swali haihitaji kufundishwa kutoka kitabuni. Mwaka 1986, mjini Lubumbashi, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliusikia msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Akawauliza maana yake waigizaji wa kundi la Mufwankolo, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiigiza kwa Kiswahili cha Shaba, kama ilivyoitwa Katanga wakati huo. Hawakumpa maana moja. Walibishana, kisha wakautungia msemo huo mchezo mzima, jambo ambalo Fabian alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Fumbo fupi, swali la mgeni, na kisa kirefu kama jibu: Vishnusharman angeutambua mpango huo. Na anayekumbuka ni nani aliyekula moyo na masikio ya punda, wakati mwenye amri akingoja fungu lake, ataona kwamba msemo wa Lubumbashi na kisa cha Unguja vinaweza kusomwa pamoja katika kipindi kimoja cha darasa.

Kwa wahariri wa vitabu vya kiada, suala la punda wa dobi ni jepesi: kisa cha ndani kirudishwe, pamoja na swali la papa. Suala la sona ni gumu. Kitabu kinaweza kuchapisha mchoro uliokamilika, na ndivyo ilivyofanyika hadi sasa. Lakini mchoro uliokamilika hauonyeshi mkono ulianzia wapi, ulipita upande gani kwanza, wala ni neno gani lilikuwa likitamkwa ulipouzunguka mgodi na kuufunga. Mambo hayo yanahitaji kurekodiwa kwa sauti na picha za kutembea, mstari baada ya mstari, pamoja na maneno ya Kichokwe na tafsiri yake ya Kiswahili, kutoka kwa wazee ambao bado wanaweza kuchora bila kusita. Na upande wa Dilolo na Kasaji kazi hiyo inahitaji wanafunzi wenyeji wa huko, wanaozijua lugha zote mbili.